Kupima utayari wa hospitali kwa maafa: usiulize "mnayo?", sema "nionyeshe"

Usiku ule umeme ulikatika mama mmoja yuko mezani teatri. Jenereta ilikuwepo, dizeli ilikuwepo, kitabu cha kujaza kila Ijumaa kilikuwepo na kimesainiwa vizuri kabisa, kilichokosekana ni ufunguo. Ufunguo alikuwa nao fundi na fundi alikuwa ameenda msibani Uvinza. Tulimaliza ile kazi kwa tochi za simu tatu, mama na mtoto wakapona namshukuru Mungu, ila mimi tangu siku hiyo neno "tunayo" halinitoshi tena. Hospitali yenyewe sitaitaja, na wala haikuwa mbaya kuliko nyingine, ndo maana naandika.

Haya ni maelezo kwa wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo, wauguzi, waganga wafawidhi na yeyote atakayepewa kazi ya kwenda kuangalia kama hospitali ya wilaya au ya misheni inaweza kubeba siku mbaya. Mimi niko Kigoma kwahiyo mifano mingi ni ya huku mwisho wa reli, wa Tabora, Katavi na Kagera mtabadilisha kidogo tu.

Kipimo rasmi kipo. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha usalama wa hospitali, kilianzia kwa wenzetu wa Amerika na kutolewa 2008, toleo la pili likatoka 2015 lina vipengele 151. Kinaanza kwa kuorodhesha hatari za eneo, alafu kinaangalia uimara wa jengo, vitu vilivyo ndani ya jengo kama umeme, maji, gesi na samani, na mwisho menejimenti ya dharura. Mwishoni hospitali inapewa daraja A, B au C: juu ya 0.65 ni A, kuanzia 0.36 mpaka 0.65 ni B, chini ya hapo ni C, maana yake maisha ya waliomo ndani yako hatarini na kazi ifanyike haraka. Mkiwa na mhandisi na watu waliofundishwa tumieni hicho kizima kizima. Lakini hospitali nyingi zetu hazina mhandisi wa kumuita wiki hii, na maafa hayamsubiri mhandisi, kwahiyo nawapa njia ya siku moja na usiku mmoja ambayo watu wanne wanaiweza.

Kabla hamjaenda, chora daftari lenu safu tatu: NIMEONA, NIMEAMBIWA, HAKUNA. Kitu kinaingia safu ya kwanza pale tu mkono wako umekishika, au umekiona kinawaka, au umekihesabu mwenyewe. Mengine yote hata kama aliyekuambia ni mganga mfawidhi mwenye heshima zake yanaingia safu ya pili. Mwisho wa kazi alama inatoka safu ya kwanza peke yake. Watu watakasirika kidogo, wavumilie, elezeni mapema kwamba hamtafuti mtu wa kumuadhibu, na ombeni ruhusa kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya) na kwa uongozi wa hospitali kwa barua, tena waambieni wiki mtakayokuja lakini siku na saa msiwaambie. Mkitaja siku mtakuta mashuka mapya.

Siku nzuri ni Jumapili au sikukuu na sehemu ya kazi ifanyike usiku. Mchana wa Jumanne kila hospitali iko tayari, daktari yupo, famasi imefunguliwa, gari liko uani.

Kaeni kwanza nusu saa mjibu swali moja, hapa kwetu kinaweza kutokea nini? Msichukue orodha ya kwenye kitabu. Kigoma mimi naanza na ziwa, maboti ya kwenda Kagunga, Mwamgongo na vijiji vingine vya kaskazini yanajaza watu na mizigo, likipinduka majeruhi watakuja kwa maji hadi Kibirizi, hawatakuja kwa barabara, sasa nani anawapokea ufukweni? Alafu kipindupindu. Wanaokumbuka Mei 2015 wanajua, makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi waliingia kijiji kimoja cha Kagunga, pale kati ya mlima na maji, kipindupindu kikalipuka, wakawa wanasafirishwa kwa meli ya MV Liemba kuja mjini na kuwekwa kwanza uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, watu zaidi ya 30 walifariki. Alafu barabara na reli. Juni 2022 treni ya abiria iliyotoka huku Kigoma ilipata ajali Malolo karibu na Tabora mjini, watu 4 walifariki na majeruhi wakapita 130. Jiulize hospitali yako ikipokea watu 130 kabla ya swala ya adhuhuri itawalaza wapi. Kuna moto wa mafuta, Morogoro Agosti 2019 lori lilianguka Msamvu, watu wakakimbilia petroli, ikalipuka na waliokufa wakapita 100, na malori ya mafuta yanapita Nzega na Kasulu pia. Kuna magonjwa ya kutoka ng'ambo, Marburg ilifika Kagera 2023 na tena 2025, na Ebola Kongo ni jirani yetu. Na kuna tetemeko, tunalisahau ila sisi tumekaa juu ya Bonde la Ufa lenyewe, Desemba 2005 ziwa hili lilitikiswa na tetemeko la 6.8, na la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa 5.9 tu lakini liliua watu na kubomoa majumba.

Chagueni matatu makubwa ya kwenu. Hayo ndo mtayatumia kupima kila kitu kinachofuata, maana hospitali inaweza kuwa tayari kwa ajali ya basi na isiwe tayari kabisa kwa kipindupindu.

Sasa twende getini. Fika usiku kama ndugu wa majeruhi, simama pale na uangalie. Geti linafunguliwa na nani, kwa dakika ngapi, gari mbili zinaweza kupishana? Mara moja nilimkuta mlinzi mzee wa watu, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza, "Baba, zikija gari kumi hapa sasa hivi utafanyaje?" Akasema, "Mwanangu nitafungua geti alafu nitampigia dokta." Nikamuuliza namba ya dokta anayo, akatoa simu ya kitochi, namba ilikuwa ya dokta aliyehamishwa mwaka juzi. Yule mzee hana kosa hata kidogo, hakuna aliyewahi kumuingiza kwenye mpango, na yeye ndo mtu wa kwanza kuona maafa yakifika. Mlinzi anatakiwa awe na mambo matatu: namba zinazopatikana zilizoandikwa kwa kalamu nzito ukutani, kengele au filimbi, na ruhusa ya kuzuia ndugu na bodaboda wasijaze mlango wa dharura.

Kitu ambacho wengi hawakitegemei ni kwamba wanaofika wa kwanza sio walioumia sana. Wanaotembea wenyewe na wanaobebwa na bodaboda na bajaji ndo wanaotangulia, mahututi wako nyuma bado wanatolewa kwenye mabati. Hospitali isiyojua hili inajaza vitanda vyote kwa watu wa michubuko, alafu wale wenyewe wakifika hakuna pa kuwaweka. Kwahiyo muulize muuguzi wa zamu, "Nionyeshe wanaotembea watakaa wapi." Akionyesha benchi la ndani ya chumba cha dharura, andika HAKUNA. Inatakiwa iwe nje au jengo lingine, chini ya mwembe, kanisani, popote penye kivuli na mtu mmoja wa kuwaangalia wasije wakazidiwa kimyakimya. Na kuna makadirio yanayosaidia, hesabu waliofika saa ya kwanza zidisha mara mbili, hiyo ndo idadi ya karibu ya wote watakaokuja.

Kuchambua wagonjwa kwa rangi, yaani nani atibiwe kwanza na nani asubiri, hapa usiishie kuuliza "mnajua rangi?" maana wote watasema nyekundu, njano, kijani, nyeusi. Wape wagonjwa. Mimi natembea na vifuniko vya soda 40, kila kimoja nimekibandika karatasi ndogo: "anatembea, analia, mkono umevunjika", "anapumua mara 36 kwa dakika", "hapumui hata baada ya kufungua njia ya hewa", "anapumua vizuri ila hajibu ukimwambia fumba macho", "mjamzito, tumbo linauma, mapigo ya mkononi hayasikiki". Namwaga vifuniko mezani, nawasha saa ya simu, nawaambia wagawe. Njia rahisi kwa watu wazima inataka sekunde 30 mpaka 60 kwa mtu: anayetembea kijani, asiyepumua hata ukimfungulia njia ya hewa nyeusi, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika nyekundu, asiye na mapigo ya mkononi, au ukimbonyeza kucha rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, nyekundu, asiyefuata agizo dogo nyekundu, waliobaki njano. Vifuniko 40 kwa watu wawili visizidi dakika 20 kwa kila mmoja. Wakishindwa usiwagombeze, rudieni palepale mara ya pili na mara ya tatu, utashangaa wanavyobadilika. Hili ndo jambo la bei rahisi kuliko yote humu na linaokoa watu wengi.

Alafu nenda uliza kadi za rangi ziko wapi. Nimeshaona ziko ndani ya boksi, ndani ya kabati, kabati limefungwa, ufunguo kwa matroni, matroni kalala kwake mtaa wa Mwanga. Vitambaa vinne vya kitenge vinatosha, au kanda za rangi, bora ziwe zinaning'inia pale pale mlangoni.

Umeme. Hapa tukae kidogo maana hapa ndo nimeona vifo. Huku Kigoma kwa miaka mingi tuliishi kwa mitambo ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika, kwahiyo kukatika kwa umeme tumekuzoea, na kuzoea ndo tatizo lenyewe. Usiombe kuonyeshwa jenereta. Omba umeme ukatwe kwenye swichi kuu, baada ya kuhakikisha hakuna mgonjwa teatri wala aliyewekewa oksijeni ya mashine, na mashine za watoto njiti zina betri au kuna mitungi karibu. Washa saa. Nani anakimbia? Anajua pa kwenda? Ufunguo uko wapi? Imewaka kwa mara ya ngapi? Ikigoma, jambo la kwanza angalia betri, mara nyingi kosa ni betri iliyokufa na sio injini. Ikiwaka usiridhike, maana jenereta kuwaka bila mzigo ni kama mwanaume kusimama bila gunia, mtwike ndo utajua. Washa taa za teatri, mashine ya kunyonya, friji ya damu, mashine za oksijeni, pampu ya maji, vyote kwa pamoja, acha iungurume saa nzima. Nimeona iliyozima dakika ya 12 kwasababu ya joto na kila Ijumaa ilikuwa inawashwa dakika 5 na kusainiwa kwamba ni nzima.

Katika hiyo saa moja pima dizeli kwa kijiti kabla na baada. Kama imekunywa lita 6, zidisha kwa 72, hiyo ni lita 432 za siku tatu, ambazo ndo muda ambao hospitali inatakiwa kujitegemea bila msaada wa nje. Sasa nenda stoo uhesabu madumu. Na muulize mhasibu, sio fundi, kama mafuta yakiisha Jumapili jioni nani ana mamlaka ya kununua na hela iko wapi. Jibu likiwa "tutaandika dokezo", liandike hivyohivyo daftarini.

Angalia pia jenereta imekaa wapi. New Orleans mwaka 2005 hospitali kadhaa zilikuwa na mitambo ya umeme chini kabisa, maji ya kimbunga yakaingia, hospitali zikazimika na wagonjwa wamo ndani. Sisi ziwa letu linapanda, miaka ya 2020 na 2021 watu wa mwambao walihama nyumba zao, kwahiyo kituo kilichoko karibu na maji kikiwa na jenereta sakafuni au stoo ya dawa bondeni hiyo ni hatari iliyoshatuonya.

Oksijeni haraka haraka lakini kwa hesabu. Mtungi mkubwa ule wa kimo cha mtu unabeba takribani lita 6,800. Mgonjwa mmoja mahututi kwa lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 hivi. Wagonjwa watano wa namna hiyo wanamaliza mitungi kumi na zaidi kwa siku moja. Kwahiyo ukiambiwa "tuna mitungi sita" uliza mingapi ina gesi, soma geji ya kila mmoja, mshale ukiwa nusu hesabu nusu, na uliza kifungulio kiko wapi, kile chuma kidogo cha kufungulia, maana mtungi umejaa bila kifungulio ni pambo la ukutani. Mitungi iwe imefungwa kwa mnyororo isije kuanguka.

Maji. Kipimo rasmi kinataka akiba ya lita 300 kwa kitanda kwa siku, kwa siku tatu, yaani hospitali ya vitanda 100 iwe na lita 90,000. Najua wengi mtashika kichwa. Basi shukeni kwenye kiwango cha chini cha lita 40 mpaka 60 kwa mgonjwa aliyelazwa, kwa lita 60 ni lita 18,000 kwa siku tatu, hayo ni simtanki manne ya lita 5,000 na hilo linawezekana hata kwa harambee. Panda ngazi uchungulie ndani ya tanki, usigonge kwa nje tu. Alafu uliza maji yanashuka yenyewe wodini au yanasukumwa na pampu, maana kama ni pampu basi umeme ukikatika na maji yamekatika, na hapo hata jenereta nzuri imeunganishwa na teatri peke yake, pampu imesahaulika. Hili la pampu nimelikuta mara tatu sehemu tatu tofauti.

Kwa kipindupindu twende na kalamu. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji mililita 100 kwa kila kilo ndani ya saa 3, hizo ni lita 6 za dripu ya Ringa, karibu lita mbili za mwanzo (lita 1.8) ndani ya nusu saa. Wagonjwa 10 wa namna hiyo asubuhi moja ni chupa 60 za lita kabla hujapata chai ya saa nne, na bado wataendelea kuharisha. Nenda famasi hesabu chupa, soma tarehe ya mwisho ya kutumika, hesabu na sindano kubwa za dripu maana dripu bila sindano haiendi. Chumvichumvi za kunywa pia hesabu. Klorini ya unga ile ya asilimia 70, gramu 7 kwa lita ya maji inakupa asilimia 0.5 ya kusafishia sakafu na vyombo, na gramu 0.7 kwa lita inakupa 0.05 ya kunawa mikono, mwambie mhudumu wa usafi akuchanganyie mbele yako. Sio nesi, mhudumu wa usafi, maana usiku wa kipindupindu yeye ndo atakayechanganya. Na uliza hema au jengo la kutengea wagonjwa liko upande gani wa kisima. Wakikuonyesha kwenye mteremko unaoelekea kisimani simama hapohapo uwaeleze.

Damu, swali fupi tu, chupa ngapi za kundi O ziko kwenye friji leo, na orodha ya wachangiaji wa karibu ipo na namba zao? Kituo cha damu cha kanda ya magharibi kipo Tabora, kutoka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 400, hiyo damu haifiki kwa mgonjwa anayevuja sasa hivi.

Watu ndo hospitali. Fanya hivi, saa nane usiku, kwa ruhusa ya uongozi, muuguzi wa zamu apige simu kwa watumishi 20 wa orodha ya dharura, aseme tu "ni jaribio la utayari, uko wapi na ungefika baada ya dakika ngapi?" Andika wangapi wamepokea, wangapi namba hazipo, wangapi wako nje ya mji, na wangapi wana usafiri. Mara ya kwanza nilipofanya walipokea 7. Wawili kati ya hao walikuwa kwenye nyumba za hospitali mita 200 kutoka wodini, na hao wawili ndo wangekuwa hospitali nzima kwa dakika 40 za mwanzo. Hapo ndo utaona umuhimu wa nyumba za watumishi kuliko hotuba yoyote. Jaribu pia kupiga simu toka kila jengo, kuna wodi hazishiki mtandao, na muulize aliye zamu ana vocha. Ni swali la aibu kwa wengine ila nesi anayepiga simu za maafa kwa salio lake mwenyewe salio litaisha kabla hajamaliza orodha. Namba za 114 ya zimamoto, 112 ya polisi na 115 ya gari la wagonjwa ziandikwe palepale.

Na jamani msimsahau mtu wa mochwari, na mtu wa kuandika majina. Ajali ikitokea ndugu watakuja mia mbili na swali lao ni moja, "Ndugu yangu yupo?" Kukiwa hakuna daftari moja lenye majina yote, wataingia wodi kwa wodi wakifunua mashuka, nimeliona hilo na sipendi kulielezea. Mtu mmoja, daftari moja, meza moja nje ya geti la ndani, na kivuli cha watu kukaa. Mochwari uliza inabeba miili mingapi, na ikizidi itawekwa wapi kwa heshima.

Jengo nalipitia kwa kifupi maana uamuzi wake ni wa mhandisi, ingawa kwenye kipimo rasmi toleo la mwanzo lenyewe ndo linabeba asilimia 50 ya alama, vitu vya ndani 30 na menejimenti 20. Na wana sababu, Mexico City mwaka 1985 tetemeko liliangusha hospitali zenyewe, mamia ya wagonjwa na watumishi wakafia ndani ya nyumba iliyotakiwa kuwaokoa. Nyinyi fanyeni hiki: tafuteni nyufa za mshazari zinazoanzia kona za madirisha na milango, chora kistari cha penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe, mkirudi mtaona kama umetembea. Milango ya kutokea isukume kwa mkono, iliyofungwa kwa kufuli usiku ni HAKUNA. Makabati marefu ya dawa yawe yamepigwa misumari ukutani. Mitungi ya kuzimia moto mshale uwe kwenye kijani.

Faili la mpango wa maafa liombe mwisho kabisa, ukishaona yote. Ukilisoma mwanzoni litakuongoza uone kilichoandikwa, ukilisoma mwishoni wewe ndo unaliuliza. Kila hospitali itakuwa nalo au itasema linaandaliwa. Angalia majina, kama yupo aliyestaafu, angalia kama limewahi kujaribiwa na lini, na kama linataja kamati ya maafa ya wilaya, maana Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022 imeweka kamati kuanzia mkoa hadi kijiji, na hospitali isiyojua mwenyekiti wa kamati ya kata yake ni nani itabeba mzigo peke yake wakati wenye magari na maturubai wako jirani.

Hesabu sasa safu ya NIMEONA. Msiandike ripoti ya kurasa 40. Andikeni kurasa mbili, ya kwanza yale yanayorekebishwa bila hela wiki hii: namba za simu za mlinzi, kifungulio cha mtungi, kufuli la mlango, zoezi la vifuniko kila mwezi, waya mmoja wa kuunganisha pampu na jenereta kama upo. Ya pili yale ya hela, kila moja na bei na jina la anayefuatilia. Isomeni kwa sauti mbele ya watumishi wote akiwemo mlinzi na mhudumu wa usafi, nakala moja kwa DMO, nakala moja ibandikwe ofisi ya zamu.

Alafu baada ya miezi mitatu rudini usiku, bila kusema siku. Ile hospitali yangu ya ufunguo nilirudi, mvua inanyesha, mlinzi akaniamkia, nikamwambia baba sijaja kukaa, nionyeshe tu. Akanipeleka mpaka mlango wa chumba cha jenereta akamulika kitochi chake juu, ufunguo ulikuwa kwenye msumari, umefungwa kitambaa chekundu, na wa pili wake kwenye msumari wa ofisi ya zamu.